Mfumo unanibana nichague ME au KE hata pale nisipojua, wenzangu wa vituoni mnafanyaje?

Karani_Wa_Dirishani (Newala)

Habari za jioni wadau, na shikamoo kwa wakubwa. Naombeni mawazo hasa nyie mnaofanya kazi vituo vya afya, maabara, wodi ya wazazi na wale wa TEHAMA, kwasababu hili jambo nimelibeba kichwani wiki mbili sasa na hapa kituoni kila ninayemuuliza ananiambia we chagua tu moja uendelee na foleni.

Mimi nakaa mapokezi kwenye kituo cha afya huku juu uwandani, mwaka wa tatu huu. Tulipotoka kwenye madaftari tukaingia kwenye kompyuta, kila mgonjwa mpya namwandikia jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsi, kijiji na simu, ndo faili linafunguka. Kwenye jinsi kuna ME na KE basi, na usipochagua haisevu. Zamani kwenye daftari ukikwama unaacha wazi au unaweka alama ya penseli unarudi baadae, kompyuta haina penseli.

La kwanza lililoniumiza ni la mzee mmoja. Jina lake ni yale majina ya huku na huku kama Bahati, Amani, Tumaini, lenyewe silitaji. Alikuja mara ya kwanza mwezi wa kumi msimu wa korosho, foleni imefika kwenye mwembe, mtandao umekata tangu asubuhi, tukawa tunaandika kwenye karatasi jina, umri na kijiji afu usiku ndo unaingiza zote kwenye mfumo. Kwenye ile karatasi sikuandika jinsi. Usiku nina majina themanini na kitu, la kwake nikaangalia jina tu nikaweka KE. Miezi nane baadae mzee anarudi mkojo unamsumbua, daktari anaandika kipimo cha tezi dume, mfumo unakataa, unasema hakilingani na jinsi ya mgonjwa. Bima nayo ikagoma. Akawa anatumwa dirisha hili dirisha lile, mwisho mtu mmoja pale akamwambia kwa sauti mbele ya foleni nzima "mzee mbona humu unasomeka mwanamke". Alichukua kofia yake akaondoka. Wiki tatu baadae ndo kaletwa amebanwa mkojo kabisa ikabidi awekewe mpira. Niliyeandika KE ni mimi, na naijua siku yenyewe.

La pili ni la juzijuzi. Fomu kutoka wodi ya wazazi imekuja, sehemu ya jinsi ya mtoto mkunga kachora mstari tu. Nikamfata akaniambia maumbile ya mtoto hayaeleweki vizuri, wanasubiri daktari. Mimi mfumo haunisubiri. Wifi yake mzazi alikuwa pale akasema "huyo wa kike" nikaweka KE. Na tangu hapo silali vizuri maana naona kama nimerudia lile la mzee kwa mtoto ambaye hata jina hajapewa.

Sasa nauliza, ikitokea hivi unaandika nini? Na ukishakosea unabadilishaje bila kuharibu kumbukumbu za nyuma? Nawasilisha.

Jirani_Wa_Mikindani (Mtwara)

Weka yoyote afu utabadilisha baadae, hamna namna. Mbona sisi huku tunafanya hivyo na maisha yanaenda.

Dada_Maabara (Lindi mjini)

@Jirani hapana, na ntakwambia kwanini, maana mimi niko upande ambao hilo kosa linafikia na hakuna anayeliona.

Kaka mtoa mada, asante kwa kusema ukweli wako hadharani, wengi wanaficha. Hicho kisanduku chako watu wanadhani ni cha takwimu tu, kumbe maabara karibu kila karatasi tunayotoa inakisoma. Chukua wingi wa damu (hemoglobini, kwa gramu kwenye desilita). Mwanaume mzima tunasema ana upungufu akiwa chini ya 13, mwanamke asiye mjamzito chini ya 12. Sasa mwanaume ana 12.4 na kwenye mfumo ni KE, karatasi inatoka safi bila alama yoyote, daktari ana wagonjwa sitini anapitisha macho tu anaona hamna nyekundu anaendelea. Huyo mwanaume anaweza kuwa anavuja damu tumboni taratibu, kidonda au hata kansa, na ile alama ambayo ingemstua daktari imezimwa na mtu wa mapokezi aliyekuwa na haraka.

Figo ndo usiseme. Ile hesabu ya zamani ya kukadiria figo zinachuja kiasi gani (mililita kwa dakika), ambayo wengi bado tunaitumia, unachukua 140 unatoa umri, unazidisha na kilo, unagawanya kwa 72 mara kreatini (taka ya kwenye damu inayotolewa na figo), na akiwa mwanamke unazidisha tena na 0.85. Fanya mwenyewe, mtu wa miaka 60, kilo 60, kreatini 1.2. Akiwa ME unapata 55 na ushee. Akiwa KE unapata 47. Ni mtu yuleyule, damu ileile, kilichobadilika ni herufi. Na kwenye dawa kama tenofovir, ambayo wagonjwa wengi wa CTC (kliniki ya VVU) wanaitumia, mstari wa kuanza kufikiria upya dozi ni 50. Kwahiyo kosa la dirishani linaweza kumsogeza mtu upande wa pili wa mstari akabadilishiwa dawa bila sababu, au akaachwa kwenye dawa wakati figo zinaomba msaada.

Mimi naona bora niletewe sampuli isiyo na jinsi kabisa kuliko iliyokisiwa. Ikija tupu naandika viwango vyote viwili, cha wanaume na cha wanawake, daktari anaamua. Ikija ya kukisia naiamini, sina namna ya kujua ni ya kukisia.

Karani_Wa_Dirishani (Newala)

Dada asante sana, hiyo ya 12.4 sikuwahi kuifikiria kabisa. Ila mimi ni mwanamke, sio kaka. Sijachukia hata kidogo, nalisema kwasababu ndo hichohicho ninachofanya pale dirishani, umeona jina na kazi ukajaza mwenyewe.

Dada_Maabara (Lindi mjini)

Nisamehe dada yangu, kweli kabisa. Nimesoma mpaka mwisho sijaona mahali ulipotaja, na Kiswahili chetu hakinidokezi, "alikuja, akasema, amekaa" inamhusu yeyote. Nimejaza mwenyewe.

Mkunga_Masasi (Masasi)

Nimetoka zamu sasa hivi nimekuta huu uzi siwezi kulala bila kuandika. Naanza na mtoto kwasababu mzee yule tayari yuko kwenye mikono ya watu.

Mdogo wangu, yule mkunga aliyechora mstari alifanya sahihi asilimia zote, na ule mstari ni taarifa kubwa kuliko ME na KE zote ulizoingiza siku hiyo. Watoto wanaozaliwa sehemu za siri hazieleweki kwa macho wapo, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kama mmoja kwenye kila vizazi 4,500 hadi 5,000, kwahiyo ukikaa leba miaka ya kutosha utamkuta, mimi nimewakuta. Na sababu ni nyingi, ila iko moja inayoua na inaua haraka. Kuna tezi ndogo juu ya figo, zikiwa na hitilafu ya kuzaliwa zinashindwa kutengeneza homoni za kushika chumvi mwilini na badala yake zinamwaga homoni za kiume. Mtoto wa kike kabisa, ana kizazi ndani, anazaliwa nje anaonekana kama mvulana. Mkimwandika ME na kumruhusu nyumbani, wiki ya pili hivi anaanza kutapika, hanyonyi, anakauka maji, chumvi ya damu inashuka potasiamu inapanda, na nyumbani wanasema ni mchango au kijicho au tumbo la kawaida la watoto. Akifika hospitali watu wanatibu kuhara au maambukizi maana karatasi inasema ni mvulana aliyezaliwa salama, hakuna kinachomwambia daktari wa zamu "huyu mtoto walikuwa na wasiwasi naye". Dawa yake ipo, haidrokotisoni na wenzake pamoja na chumvi, mtoto anakua anakwenda shule. Lakini lazima mtu awaze.

Kwahiyo sheria yangu mimi leba, na wanafunzi wangu wote nawafundisha, mtoto anayeonekana wa kiume shika korodani zote mbili. Zote hazishikiki? Usiandike ME. Andika haijabainika, mwite daktari, mtoto asiondoke bila uzito wake na tarehe ya karibu ya kurudi, na mama aambiwe dalili za hatari kwa maneno anayoyaelewa.

Na kwa mama usimwambie mtoto wako hatumjui ni nini, hayo maneno hayafutiki. Mimi namwambia "mama hongera, mtoto wako amezaliwa salama, analia vizuri ananyonya vizuri, ila sehemu zake za siri bado hazijamaliza kujitengeneza hivyo kwa macho hatuwezi kusema ni wa kike au wa kiume, daktari atapima". Yule dada wa maabara amesema Kiswahili hakidokezi, sisi leba hilo linatubeba sana, naweza kuzungumza na mama siku tatu nzima nikisema mtoto, kichanga, mwanao, na nisikosee mahali.

Jingine wengi hawalijui, usikimbilie cheti. Siku hizi mikoa yetu ya Lindi na Mtwara mtoto wa chini ya miaka mitano cheti cha kuzaliwa anapata palepale kituoni au kwa mtendaji wa kata, ni jambo zuri sana, ila kwa mtoto kama huyu ile haraka inageuka mzigo maana kilichoandikwa pale kitamfata mpaka shule. Hakuna hasara akisubiri vipimo.

Kesho asubuhi nenda kamuulize daktari wako kama huyo mtoto amepangiwa kupelekwa mbele. Usingoje.

Mzalendo_Wa_Kusini (Ruangwa)

Mimi napata wasiwasi na huu mjadala. Mungu kaumba mume na mke, haya mambo ya kuongeza kisanduku cha tatu tunayajua yanakotoka, wenzetu huko wameanza hivihivi kwa fomu. Leo mtoto kesho watu wazima wanajichagulia. Tuwe makini wandugu.

Mkunga_Masasi (Masasi)

@Mzalendo nakuheshimu na wasiwasi wako nausikia. Lakini njoo nikuoneshe mtoto wa siku kumi na mbili aliyekauka mpaka utosi umebonyea, afu uniambie huyo ametoka wapi. Katoka Chigugu. Mama yake analima ufuta. Sijaongeza kisanduku kwa ajili ya mtu kujichagulia, naomba mahali pa kuandika "bado hatujui" ili mtoto asife.

Mzee_Wa_Kivinje (Kilwa)

Assalam aleikum. Wanangu naomba niseme kidogo hapa, maana naona kijana wetu wa Ruangwa anadhani jambo hili ni geni limeletwa na meli.

Sisi tuliosoma chuoni, kwenye elimu ya mirathi kuna mlango wake kamili unaitwa mlango wa khuntha. Mtu aliyezaliwa na maumbile mawili au yasiyobainika, wanazuoni walijiuliza akifiwa na mzazi arithi fungu la mwana wa kiume au la mwana wa kike. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu hii, hukumu yake kila mmoja anapewa lile fungu lenye yakini, na lile lenye shaka linazuiliwa mpaka hali ibainike au warithi wapatane. Hawakusema chagueni tu moja mgawane muondoke. Walizuia. Karne nyingi kabla ya kompyuta, watu walikuwa na mahali pa kuweka jambo ambalo bado halijajulikana.

Basi huyo binti anayeuliza anauliza jambo ambalo mashekhe walilipa heshima ya mlango mzima. Msimkatishe tamaa.

Mzalendo_Wa_Kusini (Ruangwa)

Aleikum salaam mzee wangu. Hilo la mirathi sikulijua. Kwa mtoto mchanga nimeelewa, mkunga nisamehe. Bado kwa watu wazima nina maswali yangu ila hapa sio mahali pake.

Fundi_Kodi (Mtwara mjini)

Ngoja mimi niongelee huo mfumo wenyewe maana kazi yangu ni kutengeneza programu, na hizi za hospitali nimezigusa japo sio huo wa kwenu.

Tatizo la msingi ni kwamba aliyetengeneza alichukua maswali matatu manne tofauti akayaweka kwenye kisanduku kimoja. Swali la kwanza ni kadi yake inasemaje, ya bima au ya NIDA. La pili ni mwili wake ukoje kwa ajili ya kipimo hiki au dawa hii. La tatu mtu mwenyewe anajitambua vipi. La nne aitwe nani akiitwa barazani. Kwa watu wengi majibu yote yanaenda upande mmoja kwahiyo hutaona shida, shida inaonekana kwa yule mmoja ambaye hayaendi pamoja, na kwa yule ambaye karani kakosea. Hao HL7 wanaotunga viwango vya kubadilishana taarifa za afya walikaa wakayatenganisha haya, ya kujitambua peke yake, ya kitabibu peke yake, iliyoandikwa kwenye nyaraka peke yake, na jina la kutumia peke yake. Na ile ya kitabibu wameifanya iende na kipimo husika, maana mtu aliyeondolewa kizazi au anayetumia homoni majibu yake ya swali moja hayafanani na ya swali jingine.

Hata kama mfumo una kisanduku kimoja tu, bado sio lazima viwe viwili tu ndani. Kile kiwango cha FHIR cha haohao HL7 kinachotumika sana saivi kina nne, mume, mke, nyingine, haijulikani. Cha zamani cha ISO namba 5218 kina 0 haijulikani, 1 mume, 2 mke, 9 haihusiki. Kwahiyo mtu aliyewawekea mbili tu na kuifanya ya lazima alipunguza mwenyewe. Na kwenye programu kulazimisha jibu hakuleti jibu sahihi, kunaleta jibu lolote, ndo maana mna faili nyingi zimejaa ME kwasababu ME iko juu kwenye orodha, kaangalie utaona. Mimi ningeweka hata haijulikani tatu tofauti, hajaulizwa bado, ameulizwa hakutaka kusema, na imepimwa haijabainika. Mzee wenu ilikuwa ya kwanza. Mtoto ni ya tatu. Hizo hazifanani hata kidogo, ya kwanza inatibiwa kwa kuuliza, ya tatu inatibiwa na daktari.

Afu kwenye kubadilisha, usikubali mtu akufundishe kufuta faili na kufungua jipya, utamkatia mgonjwa historia yake yote. Mfumo unaofaa unabakiza ya zamani na kuandika nani kabadilisha, lini, kwasababu gani. Kama wa kwenu hauna, andika barua kupitia mganga mfawidhi kwenda kwa afisa TEHAMA wa halmashauri, taja tukio la mzee bila jina lake. Matukio ndo yanayobadilisha programu, malalamiko ya jumla yanawekwa pembeni.

Na kitu kidogo ila kinanikera, kwenye skrini nyingine imeandikwa jinsi nyingine jinsia kana kwamba ni neno moja. Jinsi ni maumbile, jinsia ni nafasi ya mtu kwenye jamii, majukumu, anavyochukuliwa. Ukichanganya kwenye lebo hata karani hajui anaulizwa lipi.

Karani_Wa_Dirishani (Newala)

@Fundi hiyo ya ME iko juu kwenye orodha ni kweli kabisa, ukibonyeza haraka ndo inashika. Sasa nina swali, ripoti ya mwezi ya MTUHA (takwimu za huduma za afya) inataka idadi kwa ME na KE kila kundi la umri, huyu haijabainika nikimweka nje jumla yangu haitalingana na ya mkunga kwenye kitabu namba 12 cha wodi ya wazazi. Nitaulizwa.

Fundi_Kodi (Mtwara mjini)

Utaulizwa na utajibu. Jumla isiyolingana ikiwa na maelezo chini ni ripoti ya kweli. Mtoto mmoja kwenye safu ya KE hataharibu takwimu za mkoa wa Mtwara, lakini ile safu ikishaingia kwenye faili lake itamharibia yeye. Tenganisha ripoti na faili, ripoti ongea na mratibu wa takwimu wa wilaya mkubaliane anasomekaje, ila faili usiliguse kwa ajili ya kulinganisha jumla.

Nesi_Wa_Zamu (Nachingwea)

Niongeze la watu wazima kwa adabu maana Mzalendo amelitaja na huku kwetu kliniki wanakuja.

Nimewahi kumpokea mtu kadi ya bima inasema ME, aliyesimama mbele yangu kavaa dera na mtandio na sauti ya taratibu. Sikuulizwa maoni yangu na sikuyatoa. Nilimuuliza kwa sauti ya chini nikuite nani nikikuita, akaniambia, nikaandika kwenye kikaratasi. Ndani kwa daktari yakaulizwa yanayohusu matibabu, viungo gani anavyo, kuna dawa anatumia amenunua mwenyewe. Alikuwa anatumia vidonge vya uzazi wa mpango dozi mara tatu, kaelekezwa na rafiki, na mguu mmoja umevimba unauma. Anayejua anajua hiyo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Sasa kama ningemcheka pale mlangoni angeondoka na mguu wake. Kwenye bima alibaki ME kama kadi inavyosema kwasababu hiyo sina mamlaka nayo, na kwenye maelezo ya daktari yaliandikwa yale ya mwili wake na dawa zake kwa ukweli. Mgonjwa akikuogopa atakudanganya, na akikudanganya wewe ndo unayeandika dozi.

Afu lile la kutangaza mbele ya foleni jamani tuache. Hata kwa mzee wa watu.

Msomaji_Wa_Shangani (Mtwara mjini)

Kwenye hilo la nesi kuna sheria kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na mwenye taarifa ana haki ya kutaka kilichokosewa kirekebishwe. Kwahiyo yule mzee hakuwa anaomba fadhila pale dirishani, kurekebishiwa ni haki yake.

Na kuhusu mtoto, jirani zetu Kenya walishapita hapa. Kuna mtoto alizaliwa Nairobi 2009, kwenye karatasi za hospitali sehemu ya jinsi wakaweka alama ya kuuliza. Mama akaenda Mahakama Kuu, hukumu ikatoka 2014, mtoto anatajwa kama Mtoto A tu, na mahakama ikaielekeza serikali ianze kukusanya taarifa za watu wa namna hiyo na kuweka taratibu. Sensa yao ya 2019 ikawahesabu, 1,524. Baadae Sheria ya Watoto ya 2022 ikawataja watoto hao waziwazi. Yote yalianza na mtu wa hospitali ambaye kisanduku chake hakikuwa na jibu na mama ambaye hakukubali liishie kwenye alama ya kuuliza. Mimi naona ule mstari wa mkunga wenu wa Newala ni bora kuliko alama ya kuuliza, ila vyote viwili vinaonesha fomu haikumuwazia huyo mtoto.

Mama_Wa_Watatu (Tandahimba)

Mimi sio wa hospitali. Nimesoma yote. Mwanangu wa pili alizaliwa hivyo, sasa ana miaka tisa.

Nitasema tu vile ilivyokuwa. Siku ya saba ilipokaribia baba mkwe akauliza ninunue mbuzi mmoja au wawili, kwa ajili ya akika, maana wa kiume wawili wa kike mmoja. Nikakosa la kumjibu. Kwenye kadi walishaandika ME kwahiyo wakanunuliwa wawili na jina likatolewa la kiume. Mwezi haujaisha mtoto anatapika amebaki ngozi, tukapelekwa rufaa, mwisho tukafika Muhimbili. Barua ya rufaa ilikuwa ya Kiingereza, kijana mmoja wodini aliisoma akaniambia mama hii barua mstari wa kwanza wameandika he, wa nne wameandika she, mwanao ni yupi. Wale madaktari wa kule ndo waliokaa na sisi mimi na baba yake wakatuchorea kwenye karatasi. Ni msichana. Anakunywa dawa zake kila siku asubuhi na jioni, darasa la tatu, anaongoza hesabu.

Kilichotutesa zaidi ya ugonjwa ni lile neno ME kwenye kadi. Kila tukienda kliniki mtu mpya anaangalia kadi anaangalia mtoto anauliza kwa nguvu. Majirani wakaanza kusema tumebadilisha mtoto, wengine wakasema ni mambo ya kishirikina. Tulihama kijiji. Kama mtu angeniandikia tangu mwanzo bado tunapima, ningemwambia baba mkwe baba subiri bado wanapima, na angesubiri, ni mtu muelewa alikuwa, Mungu amrehemu.

Dada wa Newala kamtafute huyo mama. Muulize mtoto ananyonyaje, anatapika?

Mkunga_Masasi (Masasi)

Mama pole, na hongera kwa kumfikisha miaka tisa. Mwambie binti aendelee na hesabu. Na dawa zisikosekane hata akiwa na homa ndogo, tena akiwa na homa ndo zaidi, muulize daktari wake dozi ya siku za kuumwa kama hawajakwambia.

Mama_Wa_Watatu (Tandahimba)

Walinifundisha, naongeza. Asante.

Karani_Wa_Dirishani (Newala)

Wadau nimerudi, samahani kwa ukimya wa siku mbili.

Asubuhi ile niliyosoma ya mkunga nilienda kwa daktari kabla sijafungua dirisha. Mtoto alikuwa ameruhusiwa na kurudi kliniki walimwandikia baada ya wiki sita kama watoto wote, kwasababu faili langu lilisema KE na hamna lolote jingine. Daktari alikaa kimya kidogo afu akachukua pikipiki ya kituo na mhudumu wa ngazi ya jamii wakaenda kijijini, kilomita kama kumi na nne. Wamemkuta mtoto ananyonya ila uzito umeshuka chini ya ule wa kuzaliwa na jana yake alitapika mara mbili. Gari la wagonjwa limemchukua mchana uleule na ameshapokelewa hospitali ya rufaa, damu imepimwa chumvi na potasiamu, matibabu yameanza wakati wanasubiri vipimo vingine. Mama yake nimeongea naye kwenye simu jana usiku. Mtoto anaendelea vizuri, analia kwa nguvu.

Kwenye mfumo bado siwezi kuweka haijabainika. Tulichofanya na daktari, kwenye sehemu ya maelezo juu kabisa ya faili tumeandika kwa herufi kubwa JINSI HAIJATHIBITISHWA, IKO KWENYE UCHUNGUZI, USITUMIE KISANDUKU, na tarehe na saini zetu. Na kila karatasi ya maabara inayotoka tunaiandika kwa mkono. Barua ya kwenda halmashauri mganga mfawidhi ameisaini leo, nimeweka matukio yote mawili bila majina kama Fundi alivyosema.

Zile karatasi za siku mtandao ukikata nimezichora upya, jinsi iko ya pili baada ya jina na kuna sehemu ya kutia alama kwamba mgonjwa ameulizwa mwenyewe. Nimeuliza watu wote jana na leo. Hakuna hata mmoja aliyekasirika, bibi mmoja tu ndo kacheka kasema mjukuu wangu huoni, nikamwambia bibi naona ila naandika unachosema wewe.

Bado mzee. Nimepewa namba ya kijana wake, Jumamosi naenda kwao mwenyewe. Dada wa maabara, kabla sijaenda naomba unisaidie kitu kimoja, vipimo vyake vya damu vya miezi nane yote iliyopita vilitoka vikisomeka KE, nivitoe vyote nikuletee hapa namba bila jina uviangalie upya au nimpelekee daktari wetu kwanza?

Dada_Maabara (Lindi mjini)

Usiweke hapa hata bila jina. Mpelekee daktari wenu, na mwambie aanze na wingi wa damu na kreatini, aangalie namba yenyewe asiangalie alama. Kama kuna wingi wa damu kati ya 12 na 13 kokote humo ndani, mzee apimwe tena wiki hiihii.